LESENI HUONYESHWA, HAIWEKWI REHANI

Mwenye kuendesha gari au pikipiki katika njia ya watu wote yampasa awe na leseni, na askari polisi akitaka kuiona yampasa aionyeshe. Twaanza na maneno haya makusudi, na twayasema kwa sauti kubwa, asije mtu akatusingizia kwamba chama chetu kinawafunza watu kudharau sheria. Leseni ni ushahidi kwamba aliyeshika usukani amejaribiwa akaonekana anaweza. Mama aliyempakata mwanawe ndani ya daladala hana namna ya kumjaribu dereva. Kazi hiyo ameiachia Serikali. Basi askari anayeuliza leseni anauliza kwa niaba ya mama yule, na dereva anayekataa kuionyesha anamkatalia yeye.

Wajibu huo twaukubali. Suali tunalotaka kuliweka mbele ya wasomaji wetu leo ni jingine: wajibu huo unaishia wapi? Askari akishaipokea leseni, akasoma jina, akatazama picha, akaangalia daraja na tarehe, akaona kila kitu ni halali, ana haki gani ya kuitia mfukoni mwake? Na akishaitia mfukoni, dereva ataikomboa kwa nini, kwa kiasi gani, na nani aliyeipanga bei hiyo?

Tunalitoa suali hili tukiwa tumeelekeza macho yetu Mtwara na pwani ya mlango wa mto Ruvuma. Huenda msomaji akauliza: kwa nini Mtwara, na sisi tuko Visiwani? Tunazo sababu mbili.

Ya kwanza ni ya udugu. Watu wa pwani ile si wageni kwetu. Tangu zama za majahazi, Mikindani na vijiji vya mlango wa Ruvuma vimekuwa katika bahari moja na bandari zetu, na wako miongoni mwetu ambao wazee wao walitoka upande huo kuja kufanya kazi katika mashamba ya karafuu.

Ya pili ni ya sheria, nayo ni kubwa zaidi. Bara wana Sheria yao ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Sisi tuna yetu, Sheria ya Usafiri Barabarani Namba 7 ya mwaka 2003, kwani mambo ya barabara hayamo katika orodha ya Mambo ya Muungano. Lakini Polisi imo. Ilikuwamo katika Mkataba wa Muungano wa 1964, na imo hata leo. Basi sheria za njia ni mbili, na jeshi la kuzisimamia ni moja. Askari anayesimamisha pikipiki Mtwara mwaka huu, mwakani huenda akapangiwa Chake Chake au Darajani, na mazoea aliyoyapata kule atakuja nayo mkobani pamoja na sare zake. Likiachwa ovu likamea Kusini, tusistaajabu tukilikuta limechipua mlangoni petu.

Sasa natuitazame hali ilivyo. Kutoka Mtwara mjini njia zinagawanyika. Moja inapita Mikindani kuelekea Lindi. Moja inapanda Nanyamba na Tandahimba hadi Newala, katika nchi ya korosho. Nyingine zinashuka kusini: kuelekea Madimba na Msimbati, kwenye gesi ya Mnazi Bay, na kuelekea Kilambo, kwenye kivuko cha Ruvuma, ambako ng'ambo yake ni Msumbiji. Katika njia hizo pikipiki ndiyo gari ya mnyonge. Ndiyo inayomkimbiza mgonjwa zahanati usiku, ndiyo inayobeba samaki wa Msimbati kabla hawajaharibika, ndiyo inayofikisha gunia la korosho ghalani.

Kijana anayeiendesha, mara nyingi chombo si chake. Ana tajiri wake, na kila jioni lazima ampelekee hesabu, ipatikane isipatikane. Leseni nayo haipatikani bure. Katika bajeti ya mwaka 2019/20 Serikali iliongeza muda wa leseni ya udereva kutoka miaka mitatu hadi mitano, na ada ikapanda kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000. Kwa mwenye mshahara hilo ni jambo jepesi. Kwa kijana anayehesabu sarafu za abiria mmoja mmoja, ni fedha za kudunduliza kwa muda mrefu. Wako waliodunduliza wakaipata, na hao twawasifu. Wako ambao hawajaipata, na hao twawaambia wazi kwamba wanafanya kosa, na wanamweka abiria hatarini pamoja na nafsi zao.

Lakini tumwangalie yule aliyeipata. Anasimamishwa. Anaitoa leseni yake kwa heshima, "Shikamoo afande," anaikabidhi. Askari anaisoma, haoni kasoro, lakini haimrudishi. Anaizunguka pikipiki. Taa, kioo, tairi, kofia ya abiria. Anatafuta mpaka apate. Na leseni iko mfukoni. Jua linapanda, abiria ameshuka kwa hasira akatafuta chombo kingine, hesabu ya tajiri inazidi kwenda mbali. Kila dakika anayosimama pale ni hasara kwa kijana, na askari anajua. Ndipo maneno yanapolainika: "Sasa kijana, tunafanyaje?" Hapana aliyetaja fedha, na kila mmoja amefahamu.

Wasomaji wetu wanaopanda daladala kutoka mjini kwenda shamba, Unguja na Pemba, wataamua wenyewe kama picha hii ni ya Mtwara peke yake.

Hapa ndipo yatupasa tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kosa likiwapo kweli, sheria ina njia yake. Bara, askari aweza kumwandikia dereva taarifa ya kosa, na dereva akikiri hulipa faini pasipo kwenda mahakamani. Faini hiyo ilikuwa shilingi 30,000 kwa kosa moja. Mwezi wa Juni 2021 Waziri wa Fedha, akisoma bajeti Bungeni, alitangaza kuipunguza kwa pikipiki na bajaji hadi shilingi 10,000. Fedha hizo huingia katika hazina ya Serikali kwa namba ya malipo, na namba hiyo haiwezi kulipwa ndani ya kiganja cha mtu. Asiyekubali kosa, mlango wa mahakama uko wazi. Hizo ndizo njia mbili za haki: karatasi au mahakama. Njia ya tatu, ile ya leseni kukaa mfukoni mpaka mwenyewe "ajiongeze", haimo katika sheria ya Bara wala ya Visiwani. Hiyo ni rehani. Na anayeshika rehani ya mali asiyomkopesha mtu, tunajua jina lake.

Wakulima wa Mtwara wanalifahamu jambo hili kuliko wengi. Tangu mwaka 2007 mkoa ule umekuwa ukiuza korosho kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani. Mkulima akipeleka gunia lake haachi mpaka apewe stakabadhi yenye uzito na daraja la korosho zake, kwani amejifunza kwamba mali iliyoondoka mkononi bila ya karatasi ni mali iliyopotea. Basi tunauliza: ikiwa gunia la korosho halipokewi bila stakabadhi, kwa nini leseni, ambayo ni riziki ya mtu, ipokewe kando ya njia na isitolewe hata kipande cha karatasi chenye jina la askari, namba yake, na sababu ya kuizuia?

Wako watakaotujibu kwamba Mtwara si mahali pa kawaida, ni mpakani, na mpakani lazima ukaguzi uwe mkali. Twakubali. Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka Ruvuma kutoka upande wa Cabo Delgado wakakishambulia kijiji cha Kitaya. Wakaua, wakachoma nyumba. Hapana mtu mwenye akili anayeweza kuwaambia watu wa Kitaya kwamba vizuizi vya barabarani havina maana. Lakini hoja hiyo inatusaidia sisi zaidi kuliko wao. Kizuizi kinachotafuta adui hakina budi kutazama nyuso na mizigo. Kizuizi kinachotafuta noti kinatazama mifuko tu, na adui mwenye noti atapita. Tena, ni nani atakayemwona mgeni wa shari wa kwanza pale Kilambo au Mahurunga? Ni huyu huyu mwendesha bodaboda, ambaye kutwa yuko njiani na anamjua kila mtu. Serikali inamhitaji awe jicho lake. Na jicho halipigwi kidole kila siku kisha likaombwa litazame vizuri.

Tusidhani kwamba haya ni mambo madogo ya senti mbili tatu. Mwishoni mwa Januari 2013, mjini Masasi, katika mkoa huo huo wa Mtwara, kulizuka ghasia ambazo mwanzo wake ulikuwa ugomvi baina ya polisi na waendesha bodaboda. Kabla jua halijatua majengo ya Serikali na magari yalikuwa yanawaka, na watu walipoteza maisha. Ni kweli kwamba kuni zilikuwa zimekwishapangwa. Mwezi mmoja nyuma, tarehe 27 Desemba 2012, watu wa Mtwara walikuwa wameandamana kupinga gesi yao isafirishwe kwa bomba hadi Dar es Salaam. Na tarehe 22 Mei 2013 Mtwara mjini nako kukawaka, jeshi likapelekwa. Watu wale walikuwa na manung'uniko makubwa, ya gesi, ya bandari, ya kusahauliwa kwa miaka mingi. Lakini manung'uniko makubwa hukaa moyoni muda mrefu, na kinachoyatoa nje huwa ni jambo dogo la kila siku: kofi, tusi, ufunguo wa pikipiki ulionyakuliwa mbele ya watu. Gesi iko chini ya bahari, mtu haioni. Askari aliyemdhalilisha mwanawe anamwona kila asubuhi.

Mwishoni mwa Januari. Wasomaji wetu hawahitaji kukumbushwa tarehe 26 na 27 Januari 2001 zilikuwa siku gani katika Visiwa hivi, Pemba hasa, wala nani aliyekuwa na bunduki na nani aliyekuwa mikono mitupu. Hatuyataji hayo ili kuchimbua makaburi. Tunayataja kwa kuwa sisi tunajua, na ndugu zetu wa Masasi wanajua, bei inayolipwa pale raia na askari wanapofika mahali pa kutazamana kama maadui.

Wala hatusemi kwamba sheria haiwafikii askari abadan. Januari 2022 kijana mmoja mfanya biashara aliuawa huko Mtwara, na waliofikishwa mahakamani kwa kifo chake walikuwa maafisa wa polisi wenyewe, saba kwa idadi. Mwaka 2025 Mahakama Kuu iliwatia hatiani wawili kati yao. Tunaiheshimu kazi hiyo ya mahakama. Lakini tunasema kwamba haki inayokuja baada ya maiti imechelewa. Mtu hafiki kwenye kosa kubwa kwa siku moja. Anaanza kwa kujizoesha kwamba kilichomo mfukoni mwa raia chaweza kuhamia mfukoni mwake pasipo mtu kuuliza.

Karatasi katika nchi zetu zina historia yake. Wazee wa Kusini waliofanya kazi katika mashamba ya wazungu wanakikumbuka kipande: kadi iliyotiwa alama kila siku ya kazi, na aliyekuwa na haki ya kutia alama, au ya kukataa kutia, alikuwa msimamizi. Wengine walivuka Ruvuma kuja upande huu kwa kuikimbia shokoa ya Mreno. Kwa watu hao karatasi ilikuwa kamba shingoni, na ncha ya kamba ilishikwa na mwingine. Nasi huku Visiwani tunao msiba wa karatasi wa namna yetu. Tangu ipitishwe Sheria Namba 7 ya mwaka 2005 ya kuwasajili Wazanzibari wakaazi, wangapi wamekwenda na kurudi kwa sheha wakitafuta kitambulisho, ambacho bila ya hicho hawaandikishwi kupiga kura? Mmoja ananyimwa karatasi iliyo haki yake, mwingine ananyang'anywa aliyokwishapewa. Ugonjwa ni mmoja: mtumishi wa umma anaigeuza karatasi ya raia kuwa mali yake ya kutoa na kuzuia apendavyo.

Tumesikia pia wanaowatetea askari kwa kusema kwamba mishahara yao ni midogo, nyumba zao ni mbovu, na kusimama juani kutwa si kazi ya mchezo. Hili halina ubishi, na chama chetu hakitaki askari waishi kwa dhiki. Aongezwe mshahara, ajengewe nyumba, apewe maji ya kunywa pale anaposimama. Fedha hizo zitoke katika hazina, kwa bajeti iliyojadiliwa na wawakilishi wa watu. Haiwi insafu mshahara wa askari ukamalizikiwa na kijana anayelala bila ya kula ili apate hesabu ya tajiri.

Basi tunasema nini?

Kwanza, kwa wanachama wetu na kila dereva na mwendesha bodaboda anayetusikiliza. Pata leseni, tena ya daraja la chombo unachoendesha. Tembea nayo. Ukisimamishwa, simama, ukiulizwa, onyesha, usitukane, usikimbie. Anayekimbia amempa askari mbaya udhuru anaoutafuta, na amemwondolea askari mwema njia ya kumsaidia. Ukiandikiwa kosa la kweli, lilipe kwa namba ya Serikali. Ukiandikiwa kosa la uongo, usilikiri. Nenda mahakamani, na uje ofisini kwetu tukutafutie wa kukusemea. Na kubwa kuliko yote, usitoe hongo. Tunajua kwamba elfu mbili ya leo inaonekana rahisi kuliko elfu kumi ya Serikali. Lakini kila anayeitoa amemlipia askari ada ya kumsimamisha mwenziwe kesho.

Pili, kwa wakuu wa Polisi, Bara na Visiwani. Watoeni askari wenu amri iliyo fupi: leseni ikaguliwe mbele ya macho ya mwenyewe na irudishwe mkononi mwake palepale. Ikiwa iko sababu ya haki ya kuizuia, kama vile kushukiwa kuwa ni ya kughushi, mwenyewe apewe stakabadhi yenye jina na namba ya askari, sababu, na kituo atakachokwenda kuifuatia. Askari avae sare na namba yake ionekane, kwani kama raia analazimishwa kuonyesha yeye ni nani, anayemwuliza naye aonyeshe.

Tatu, kwa Bunge na kwa Baraza la Wawakilishi. Sheria zetu za njia ziandikwe upya kwa Kiswahili anachokifahamu mwendesha bodaboda wa Nanyamba na wa Wete, zibandikwe katika kila kituo cha polisi na kila kituo cha magari. Huko Uingereza, zilikotoka nyingi katika sheria tulizozirithi, dereva aliyeiacha leseni nyumbani hupewa siku 7 za kuipeleka kituoni. Wameona kwamba kusahau karatasi na kutokuwa nayo ni mambo mawili tofauti. Insafu ya namna hiyo inastahiki kujulikana na kila dereva wetu, na kila askari.

Ibara ya 26 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamwambia kila mtu kwamba ana wajibu wa kufuata na kutii Katiba na sheria. Maneno hayo hayakumtoa mwenye sare. Kijana wa Msimbati akiinua leseni yake juani, ametimiza sehemu yake. Ameonyesha kwamba amejaribiwa, amelipa, ameandikwa, na hana la kuficha. Sasa ni zamu ya dola kumwonyesha yake: mkono wa askari unaopokea leseni, ukaisoma, ukairudisha, na mdomo unaosema, "Haya kijana, nenda salama."

Hilo ndilo tunalolitaka kwa ndugu zetu wa Mtwara. Na kwa kuwa askari ni wa jeshi moja, tukiwapigania wao wakalipata, tutakuwa tumelipata na sisi.